Mtaa Niliokujazia Wazee

Bagamoyo, baada ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Zile barua ulizoniletea kutoka Unguja, likizo ile uliyokwenda kwa shangazi yako, nilizipokea zote, nikazisoma zote, na sikujibu hata moja. Uliporudi ukaniuliza, nikakwambia stempu ziliadimika. Stempu zilikuwepo. Leo umebakiwa na usiku mmoja chini ya bati hili ndiyo kwanza natafuta kalamu, na kalamu yenyewe nimeitoa kwenye begi lako. Nitairudisha.

Umetoka na shangazi yako, aliyekuja kukuchukua ukasome Unguja, kwenda kuaga watu. Mdogo wako amelala mkekani, mchele wa vitumbua nimeshauroweka, nami nimekaa pale pale kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mahali pangu pa siku zote unapopajua. Nataka nimalize kabla hamjarudi, maana ukiniona naandika utakuja kusoma juu ya bega langu, na hii ni barua ya kusoma ukiwa umeshafika.

Sitakuandikia habari za kufua sare wala kulala mapema. Hayo atakwambia shangazi yako, na atakwambia vizuri kuliko mimi, kwa kuwa kila kitu anakifanya vizuri kuliko mimi. Umeona? Sijafika mbali nimeshaanza. Basi bora niseme wazi. Nina wivu, mwanangu. Nimekuwa nao tangu barua yako ya kwanza, na ukiniona nimenyamaza siku hizi usidhani ni uchovu. Uchovu ninao, lakini huo hauninyamazishi.

Barua ya kwanza ulisema: Mama, kwa shangazi kuna televisheni, ni sanduku lenye kioo, ndani yake watu wanatembea na wana rangi. Ya pili ulisema shangazi anakuacha ukae mbele kabisa, watoto wa jirani wanakaa nyuma. Ya tatu hukuniuliza hata hali. Ilianza moja kwa moja: Mama, nimefikiri. Yule mtu wa kwenye kioo anakwenda anakotaka yeye. Je, angekuwa anakwenda ninakotaka mimi?

Niliisoma jikoni, mikono ina unga. Mama mwingine angejivunia mtoto wa namna hiyo. Mimi nilichoona ni kwamba wazo kubwa kama hilo limekujia ukiwa umekaa kwenye zulia la mwenzangu. Kwangu umekaa miaka yote unaniangalia nageuza vitumbua, na wazo halikukujia. Nikaikunja barua nikaichomeka juu ya boriti, nikaendelea na moto.

Uliporudi hukutua hata mzigo vizuri.

"Shikamoo mama. Lile sanduku la sabuni bado lipo?"

"Marahaba. Lipo, lina kuku anaatamia."

Ukamhamisha kuku. Kutwa nzima alikulaani uani, na wewe humsikii. Ukatoa ubao wa nyuma, mbele ukatandaza kipande cha bafta nyeupe, ukakivuta mpaka kikakaza kama ngoma. Vile vigurudumu vya uzi vilivyokwisha uzi ukavipigilia kwa misumari chini ya kitambaa, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ukakata mtu kwenye boksi la majani ya chai, ukamchomeka njiti ya chelewa. Halafu ukashika kiuno, ukanitazama.

"Sasa imebaki mashine."

"Mashine gani?"

"Ya ndani. Ya kumwendesha huyu mtu nikizungusha."

"Tutaipata wapi?"

"Si wewe, mama. Kaa nyuma."

Ndivyo nilivyopata kazi ya umashine. Nilikaa hapa kizingitini, jua la alasiri mgongoni, sanduku mbele yangu, na wewe ndani gizani upande wa pili wa bafta. Ukizungusha kulia nampeleka kulia. Ukizungusha juu namrusha. Kivuli chake kikikua na kupungua wewe unacheka mpaka unakohoa. Mara ya kwanza nilikuuliza katikati ya mchezo kama umekula.

"Mashine haizungumzi, mama."

"Hii inazungumza. Na inanyonyesha."

Na kweli nilikuwa nanyonyesha. Mkono mmoja mtoto, mkono mmoja njiti.

Nataka nikwambie jambo ambalo sikukwambia. Nilikuwa naamka kabla ya adhana kuchoma vitumbua, nikitoka hapo nauza, nikirudi nafua, nikimaliza nasuka ukili, na ikifika alasiri mwili wangu wote unadai mkeka. Lakini nikisikia unamhamisha kuku, usingizi unaruka. Michezo uliyokuwa unaizua siyo ya mtu kulala. Ulizua ule wa chumvi, kwa ajili ya baba yako aliyeko Saadani mashambani mwa chumvi, tunamwona mwisho wa mwezi na miguu imepasuka. Wingu linatoka kushoto, polepole, na yule mtu wa boksi la chai anakimbia kukusanya chumvi na kuifunika makuti kabla tone halijaanguka. Wingu lilikuwa kipande cha gunia. Ukichelewa, nalishusha, na weupe wote unaondoka. Siku moja ulishindwa, ukasema, "Leo baba hana mshahara," na sauti yako haikuwa ya mchezo.

Ukazua ule wa kuomba moto. Mtoto ametumwa kwa jirani kuleta kaa la moto kwenye kigae, anarudi nalo nyumbani, na upepo unamtaka. Upepo nilikuwa mimi, napuliza kweli. Ulikuwa unazungusha kigurudumu kumgeuza mtu wako ampe upepo mgongo, aende upande upande kama kaa wa pwani, na kile kipande cha karatasi nyekundu kisianguke. Ukifika nalo, nilikuwa nasema kwa sauti ya mama wa ndani ya mchezo, "Mbona umekawia?" Nawe unajibu, "Si upepo, mama." Tulikuwa tunajuana mle ndani ya sanduku kuliko nje.

"Kitu hiki kitakuja kuwepo kweli," ukaniambia. "Siyo bafta. Kioo. Kila nyumba na chake, kila mtu anamwendesha mtu wake."

"Na watu hao watakula nini, wamekaa tu wanazungusha?"

"Vitumbua."

"Atachoma nani?"

"Si wewe?"

Nilicheka siku hiyo. Lakini ukaendelea. Ukasema vioo viwili vinaweza kuwa na mtaa mmoja ndani. Kimoja kiko huku Bagamoyo, kingine kiko Unguja, na mtu wa huku akitembea, wa kule anamwona, wanaweza hata kukutana katikati. Nikakwambia uongo huo. Ukaniuliza, "Na redio je? Mtu anasema Dar es Salaam, sisi tunamsikia hapa." Nikakuuliza lingine.

"Huko Unguja atacheza nani?"

"Shangazi."

"Na huku?"

"Mimi."

"Na mimi?"

"Wewe mashine, mama."

Hukuwa na ubaya. Ulisema kama mtu anavyosema maji yako mtungini. Lakini mimi nilihesabu watu wa mchezo, nikajikuta simo. Kesho yake ndipo ulipoleta mchezo wa mtaa, na hapo ndipo nilipokuharibia, na hilo ndilo lililonitoa kutafuta kalamu.

Mtaa ulianzia mlangoni kwetu. Mwisho wake, pembeni kabisa mwa bafta, uliweka nyumba ya shangazi yako, ukaikatia dirisha, dirishani ukabandika karatasi ya peremende ya buluu, jua likipita panawaka kama kile kioo chake. Kazi ilikuwa kumtoa mtu wako huku mpaka kule. Sheria moja tu, na uliitunga mwenyewe: ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, unarudi mwanzo.

Basi nikaanza kukuwekea watu wazima.

Kwanza alikuwa bibi mmoja tu, kibarazani, anasuka mkeka. Shikamoo bibi, marahaba, pita. Ukaliona dirisha la buluu linakaribia, nami nikaliona. Nikashika boksi lingine la chai nikakata mzee wa kahawa. Huyo haridhiki na shikamoo. Anauliza habari za nyumbani, za baba, za mama, za mtoto, za kuku. Ukimsahau kuku, rudi. Siku iliyofuata nikakata bibi kiziwi, wa kuamkiwa mara nyingi na kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka jirani akapiga ukuta. Nikakata mwalimu wa chuo cha Kurani, naye hakuachii njia mpaka usome kidogo. Ukajaribu kuwaamkia wote kwa pamoja toka mbali. Mashine ikasema haijasikia, mmoja mmoja.

Ukapata akili nyingine. "Samahani mzee, nimetumwa dawa."

Mtoto aliyetumwa dawa hazuiliwi, ni kweli. Nikafikiri nyuma ya bafta, nikakohoa kizee.

"Dawa ya nani, mjukuu wangu? Anaumwa na nini? Ngoja nichukue bakora yangu nikusindikize."

Na akakusindikiza. Hatua moja, anapumzika. Hatua moja, anakusimulia ujana wake. Jua likazama mko bado kwa fundi cherehani, katikati ya mtaa.

Ulicheka sana, na kwa kuwa ulicheka nikajiambia nacheza nawe. Lakini mimi nilijua. Kila asubuhi nageuza vitumbua nawaza mzee wa kumweka. Nilikuwa namtafuta mzee mgumu kama mtu anavyotafuta komeo la mlango. Alasiri zote hizo, Zuwena, zote, hukufika hata mara moja kwenye lile dirisha. Mimi ndiye niliyekuzuia, na nilikuzuia kwa adabu nilizokufundisha mwenyewe.

Sasa nikusimulie habari yangu moja, ya zamani. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mwenzangu, Mwanaidi, tulicheza naye mdako mpaka vidole vikaota sugu. Alikuwa na jiwe lake la kurusha, jeusi, limelainika kama tende. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne. Yeye mjomba wake akaja kumchukua akasome Tanga. Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilijifunika khanga gubigubi nikasema nina homa. Mama yangu akaja, akanigusa paji la uso, akanigusa shingo. Akatoka akamwambia mwenzangu, "Amelala." Nikasikia kitu kinawekwa kizingitini. Nilipoamka nikakuta ni lile jiwe.

Baadaye aliniandikia barua. Nikasema nitamjibu nikipata la kumweleza, kitu kizuri nami, siyo habari za kuteka maji tu. Nikangoja nipate. Nikaolewa, nikakuzaa wewe, nikaona sasa ninalo la kumweleza, na sikujua tena pa kumwandikia. Jiwe lile ndilo ninalozuilia mlango wa jikoni. Umelikanyaga maisha yako yote.

Nilichojifunza kwa hilo ni kidogo, lakini nimekilipia. Wivu hauji na panga mkononi ukaujua. Kwangu ulikuja kama homa. Ulipokuja mara ya pili ulikuja kama stempu zilizoadimika. Jana umekuja kama vitumbua.

Habari ya juzi unaijua nusu. Hii ndiyo nusu yako ya pili.

Shangazi yako alipoingia na halua yake na udi wake nguoni, nyumba nzima ikanukia yeye. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema kwa utani wa mawifi, "Wifi, umekonda. Hivyo vitumbua unauza na nyama yako?"

Wewe ulikuwa unamtolea viatu. Nikamjibu, "Nimekonda kwa kulea, wifi. Wewe umenenepa kwa kipi?"

Uliona alivyocheka. Hukuona mkono wake. Alikuwa anakunja pindo la buibui, anakunja, anakunjua. Mwanamke yule amekwenda kwa kila mganga na kila hospitali, na hakujaaliwa. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana usiku wa harusi yangu ndiye aliyenishika mkono, akaniambia, "Wifi, ukizaa wawili, mmoja nitakuja kumbeba." Tulicheka wote wawili. Nilimchagulia neno mahali pale pale nilipojua pana kidonda. Hiyo siyo kazi yako kuibeba, nakuandikia tu ujue mama yako anaweza. Nitazungumza naye leo kabla ya kula, na nikishindwa leo nitazungumza naye kesho njiani.

Jana sasa. Mimi niko uani nakuna nazi, nikasikia unahamisha kuku. Nikainuka kwenye mbuzi, nikajifuta mikono nije. Kumbe umeshamkalisha yeye kizingitini, mahali pangu. Nikasimama nyuma ya ukuta wa bafuni kama mwizi nyumbani kwangu.

"Kaa hivi, shangazi. Shika njiti. Nikizungusha huku, mpeleke huku."

"Haya mwanangu. Twende."

Ukazungusha, akampeleka. Moja kwa moja. Hakuna bibi, hakuna mzee wa kahawa. Ukafika kwenye dirisha la buluu kabla mimi sijameza mate. Alasiri zangu zote, na yeye kwa dakika moja.

Nikasikia vigurudumu vinasimama kule ndani.

"Basi?" ukasema.

"Basi. Umefika. Si ndiyo kwangu hapa?"

"Mbona hakuna watu?"

"Watu gani?"

"Mama huwa anaweka watu. Wengi. Kila siku anaongeza."

"Wa nini sasa, si watakuchelewesha?"

"Ndiyo. Hataki nifike kwako." Ulisema hivyo hivyo, kama maji yako mtungini. "Lakini anawaweka wazuri."

Zuwena, kumbe ulijua. Siku zote ulijua, na ulikaa gizani upande wa pili ukiwaamkia mmoja mmoja, ukimpigia kelele kiziwi, ukimsikiliza mzee wa bakora, na unajua ni mimi nimekushika nguo. Nilitaka kuja kukukumbatia. Badala yake nikakupigia ukelele ukateke maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Ulipokuja ukaufunua, ukaniangalia. Ukachukua ndoo ukaenda.

Na ulipouliza wakati wa kula kama nitakusindikiza stendi, nikakwambia siwezi, vitumbua haviwezi kungoja, wateja wangu wana mazoea. Shangazi yako akasema, "Wifi, siku moja tu." Nikasema biashara haina siku moja. Uliinamisha kichwa. Nilikuona. Na nilipolala ndipo nilipoisikia ile khanga inanifunika gubigubi, na mama yangu ananigusa paji la uso.

Wewe una wivu wako pia, nimeuona. Mdogo wako alipozaliwa ulijifanya hujui kufunga nepi, wakati mdoli wako ulimfunga vizuri. Nilikuacha, nikakuona unajichosha kwa kujifanya mjinga. Huko uendako utakuta mwenzio wa darasani anayejua hesabu kuliko wewe, na siku utakayojiona unaumwa tumbo asubuhi ya yeye kupongezwa, jiguse paji la uso mwenyewe. Mimi sitakuwepo kukugusa. Hilo ndilo ninalomwonea wivu shangazi yako zaidi ya ile televisheni: yeye ndiye atakayejua ukiwa na homa ya kweli.

Mpende. Nimeandika neno hilo, na kalamu haikutaka. Usimpende kwa kunificha, ukija likizo ukajifanya kwake hapakuwa na raha. Nitakujua, na nitaumia zaidi. Niambie raha yote. Nikinuna, niache ninune, nitamaliza.

Sasa sikiliza habari ya mchezo.

Leo mlipotoka nimekata boksi la chai lililobaki. Nimekata mwanamke, ana mtandio na amebeba mtoto mgongoni, hakutoka vizuri, kichwa kimekuwa kikubwa. Huyo ni mimi. Mtu wako nimemtia kwenye begi lako katikati ya daftari asikunjike, pamoja na jiwe jeusi la mlango wa jikoni. Mlango nitauzuilia na kitu kingine. Mtaa ni ule ule, mmoja. Wewe unaanzia kule kwenye dirisha la buluu, mimi naanzia mlangoni kwetu. Vile vioo vyako viwili bado hakuna aliyevitengeneza, na huenda utavitengeneza wewe, lakini posta ipo na stempu zipo. Kila barua hatua moja. Wewe utaniwekea mzee wa kumwamkia, nami nitakuwekea wako, na yeyote asiyemwamkia wa kwake anarudi mwanzo. Safari hii mimi siyo mashine. Nacheza.

Wale wazee wote nilionao nimewatoa kwenye sanduku. Ule upande wako wa mtaa ni mweupe kabisa, kwa barua hii moja. Pita.

Na kesho alfajiri sichomi. Wateja watakula muhogo. Nakuja stendi, nitambeba mdogo wako na nitabeba begi lako, na shangazi yako abebe halua yake. Kama nililia, jifanye hukuona.

Ni mimi mama yako, Tatu. Vitu ninavyohitaji unitumie ni hivi. Uzi mweupe, vigurudumu viwili, safari hii vyenye uzi, nitavimaliza mwenyewe. Mdalasini kidogo, wa huko una harufu. Karatasi ya peremende ya buluu, maana ile ya dirishani imechanika nilipoigusa. Habari za ndani ya nyumba ile, chumba kwa chumba, unalala upande gani na dirisha linatazama wapi, kwa kuwa mchezoni sikuwahi kukuacha ufike na mimi mwenyewe sijui kuna nini. Mzee wa kwanza wa kuniwekea njiani, na maswali yake, na uweke mgumu. Na shikamoo moja, uiweke kando, ya pale katikati ya mtaa tutakapokutana. Hiyo usimpe mtu mwingine.